Husari Waliochorwa Kitengela

Sikupaka rangi vidoli. Naanzia hapo kwa sababu juzi kijana mmoja wa mtaa wetu, mtoto wa jirani ninayemheshimu, alinisimamisha langoni mbele ya wenzake akaniuliza, "Buda, ni ukweli ulisoma hadi digrii halafu ukaenda kupaka vidoli rangi?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao, maana mtu mzima huumeza moto hadharani akaenda kuutapikia nyumbani. Nimekuwa nikiutapika tangu siku hiyo. Mke wangu amechoka kunisikiliza. Sasa ni zamu yenu.

Huko Ulaya wapo watu wazima, mawakili, madaktari, wazee waliostaafu, ambao hutandaza kitambaa cha kijani juu ya meza kubwa, wakaweka vilima vya sponji na nyumba za kadi, kisha wakapanga majeshi mawili na kuyapiganisha kwa rula na dadu. Vita wavipendavyo zaidi ni vile vya enzi za Napoleoni, kwa sababu katika enzi hiyo wanaume walikwenda kufa wakiwa wamevaa kama maharusi. Askari wenyewe ni wa madini ya risasi, na mpanda farasi pamoja na farasi wake hawazidi urefu wa kidole chako cha shahada. Hutoka kiwandani wakiwa uchi, rangi ya kijivu. Lazima mtu awavalishe. Na wapenzi wa mchezo huo, wengi wao, mkono hawana.

Mkono ulikuwa Kitengela. Tulikuwa wapakaji tisa ndani ya jengo la mabati kando ya barabara iendayo Namanga, madirisha yakitazama mashariki ili tupate mwanga wa asubuhi. Niliingia humo miaka ya tisini mwanzoni, nikiwa na shahada ya historia na viatu vilivyoisha visigino kwa kuzunguka maofisini. Mwenye karakana, Bwana Desmond, Mzungu aliyezaliwa na kukulia humu humu nchini, alitaka mtu wa kusoma vitabu vya sare za kijeshi na kuwaeleza wapakaji kola ya kikosi gani ilikuwa nyekundu na ya kikosi gani ilikuwa manjano. Haukupita muda nikawa nimeshika brashi. Niliiweka chini miaka ya elfu mbili ilipofika katikati, macho yalipoanza kunionyesha vifungo viwili pale penye kimoja.

Aliyenifundisha ni Mama Wafula, ingawa humo ndani mimi ndiye niliyeitwa Mwalimu kwa sababu ya vitabu. Jina lake lilikuwa Respah, mzaliwa wa Bungoma, mumewe mfanyakazi wa kiwanda cha saruji Athi River, na Wafula ndiye mwanawe wa kwanza. Kabla ya askari alikuwa amepaka madoa kwenye twiga wa mbao wa kuuzia watalii, na alikuwa akisema hajui twiga wangapi wamepitia mikononi mwake, ila anajua hakuna aliyemshukuru. Siku yangu ya kwanza nilianza na kofia, kwa sababu ndiyo iliyonivutia. Akaninyang'anya askari.

"Mwalimu, wewe uko na watoto?"

"Bado, Mama."

"Ndio maana. Mtoto wa shule unamvalisha sweta kwanza ama shati?"

"Shati."

"Na kabla ya shati?"

"Unamwosha."

"Basi mwoshe huyu."

Hiyo ndiyo kanuni, na iwapo mmoja wenu atashika kazi hii aikumbuke. Sanamu huoshwa kwa maji ya sabuni kutoa mafuta ya kiwandani. Hugandishwa juu ya kizibo cha soda ili usimshike mwilini. Hupakwa rangi ya kwanza, nyeusi, ya kumfunika mwili mzima. Kisha anavalishwa kutoka ndani kwenda nje: ngozi, shati, suruali, koti, mikanda, na mwisho kabisa kofia na upanga. Ukikosea rangi ya ndani, ya nje itakusitiri. Ukianza na ya nje, utajikuta unapenyeza brashi kwenye kwapa la mtu aliyevaa tayari. Na kabla hujala, nawa mikono hadi kwenye viwiko, maana risasi ni sumu. Tulikuwa tukilamba ncha ya brashi ili ichongoke. Ni tabia mbaya. Sitaki hata kuwaeleza tulivyoizoea.

Nilimweleza Mama Wafula kwamba wapanda farasi wepesi, waitwao husari, walikuwa na koti la pili lililoning'inia begani bila kuvaliwa. Alimgeuzageuza yule askari mbele ya macho.

"Kwa hivyo huyu alitoka nyumbani haraka."

"Hapana, Mama, ndivyo ilivyokuwa fahari yao."

"Fahari na baridi! Mama yake alikuwa wapi?"

Tulifanya makosa, na sioni haya kuyasimulia, kwa sababu yalikuwa makosa ya watu wanaotazama kwa makini. Katika sisi tisa hakuna aliyewahi kumgusa farasi. Lakini punda tuliwajua. Kitengela ya siku hizo ilikunywa maji yaliyoletwa na mikokoteni ya punda, na asubuhi hungeweza kufungua lango bila kumwona punda amesimama akiwaza. Basi tulipopata kazi yetu kubwa ya kwanza, kikosi cha wapanda farasi wazito wenye vifua vya chuma, tuliwapaka farasi kwa kumbukumbu ya kile tulichokijua. Pua nyeupe kama iliyochovywa kwenye unga. Mstari mweusi mgongoni. Na mabegani, ule msalaba mweusi ambao kila punda anao.

Mama Wafula ndiye aliyesisitiza msalaba. "Punda alimbeba Yesu kuingia Yerusalemu, ndio akapewa hiyo alama. Farasi naye alibeba wafalme. Atakosaje?"

Kwenye benchi la pili alikaa Halima, binti wa mfanyabiashara wa mbuzi aliyehamia Kitengela kutoka Garissa. Aliinua kichwa, akawatazama farasi waliojipanga wakikauka, akasema, "Sasa nyinyi hata farasi mmewabatiza!"

Kikosi kizima kilikuwa kimebatizwa. Bwana Desmond alipokiona alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani mwa Wazungu wa zamani, chenye amri nyingi na sarufi chache. "Hii iko punda," akasema. "Napoleoni nakwenda vita na punda?" Kesho yake alitupakia nyuma ya pikapu, akatupeleka kwenye shamba la rafiki yake mfuga farasi, tukasimama tukitazama. Ndipo nilipojua kwamba farasi wa rangi ya kahawia huwa na miguu myeusi kuanzia gotini, kwamba singa za shingoni na mkia hufuata rangi ya miguu, na kwamba jicho la farasi ni kubwa na jeusi lote, hivyo ukimwekea nukta nyeupe mbili kama za binadamu anaonekana amemwona shetani. Farasi mmoja alimpigia chafya Mama Wafula usoni. Alijipangusa kwa leso akasema, "Huyu hakubeba mtu yeyote wa maana."

Mlinzi wetu, Mzee Lemayian, naye alitupa somo ambalo sijalisahau. Alikuwa akipita mezani kila asubuhi, tukisalimiana, "Sopa!" "Ipa!", kisha akikagua mifugo yetu kama mtu aliyealikwa kununua. Siku moja alimwinua farasi wangu akatikisa kichwa. "Huyu hayuko. Mnyama wa rangi moja hayuko. Huyu wako ungemwita mugie," akataja neno la Kimaasai la ng'ombe wa kahawia iliyokolea, "lakini tumbo yake iko wapi? Shingo yake haitoki jasho?" Tangu siku hiyo, tumbo la farasi wangu lilipauka, shingo ikakolea, na mabega yakashika mwanga. Mteja mmoja aliandika kwamba farasi wetu walikuwa wanapumua. Sifa hiyo, kama nyingine zote, Bwana Desmond aliipokea kwa niaba yake mwenyewe.

Hapo ndipo moto wangu unapoanzia.

Sanduku zetu zilikwenda kwa dada yake Bwana Desmond huko Uingereza, naye akazifungua, akazifunga upya, akazituma kwa wateja. Wateja waliambiwa kwamba kazi imefanywa na Bwana Desmond mwenyewe na wasaidizi wachache katika karakana ya kijijini huko huko Uingereza. Kitengela haikutajwa. Tulijua, maana mimi ndiye niliyesoma majarida yaliyokuja na sanduku tupu. Wengi wetu tulisema potelea mbali. Halima hakusema hivyo.

Lazima niwaeleze Halima alikuwa nani kwenye kazi ile. Koti la husari lina nyuzi kifuani, mistari myembamba ya manjano au myeupe inayokwenda kushoto na kulia kama mbavu za mbuzi aliyechunwa, na kila mstari una vifungo vitatu. Kwenye kifua kisichozidi ukubwa wa punje ya hindi. Sote tulianzia shingoni tukishuka, na tulipofika kiunoni mistari ilikuwa imelala upande mmoja kama ua lililogongwa na lori. Halima alikuwa mchoraji wa hina. Maharusi walimfuata kutoka Isinya na Kajiado. Alipoanza nasi aliikataa brashi, akasema ni laini mno, haina adabu. Alichonga kijiti cha meno hadi kikawa kama sindano, akakoroga rangi hadi ikawa nzito kama hina iliyoiva, kisha akaanzia katikati ya kifua, jinsi hina inavyoanzia katikati ya kiganja. Mstari wa kati kwanza. Halafu mmoja juu, mmoja chini, mmoja juu, mmoja chini, pumzi ameibana. Ukianzia katikati huwezi kupinda, kwa sababu kila kosa lina mwenzake wa kulisawazisha. Nilijaribu njia hiyo miaka yote iliyobaki. Niliielewa kabisa, na mkono wangu haukuiweza kamwe.

Wala hakuwa mnyenyekevu. "Mwalimu, wewe soma vitabu vyako," alikuwa akiniambia. "Hii kazi iko na wenyewe." Rangi za mafuta zilipoondoka zikaja za maji, ambazo hukauka kabla hujapepesa macho kwenye upepo ule wa Kitengela, sote tulilalamika. Yeye alitia tone la gliserini ndani ya rangi, akaendelea kuchora, akatuacha tukilalamika.

Siku moja jarida lilikuja na picha. Bwana Desmond, ameketi mbele ya pazia la bluu, brashi mkononi, na mezani mbele yake husari wa Halima, makoti ya kijani, nyuzi za manjano, walioshinda tuzo kwenye maonyesho fulani huko ng'ambo. Chini yake maneno ya kumsifu kwa mistari ambayo, waliandika, jicho la binadamu halingeweza kuamini. Nililiweka jarida mbele ya Halima nikamtafsiria neno kwa neno. Hakupiga kelele. Aliinamia picha, akaitazama sana.

"Anashika brashi kama mwiko," akasema.

Mchana huo alikwenda ofisini kwa Bwana Desmond, nami akaniburuta niwe shahidi. Hakuomba nyongeza. Alitaka jambo moja: jina lake liandikwe chini ya kitako anachosimamia kila husari aliyemchora, kwa herufi ndogo, mahali pasipoonekana mpaka sanamu ipinduliwe. "Hata mfinyanzi anaacha dole gumba kwenye chungu," akasema.

Bwana Desmond hakukasirika, angekasirika ningemheshimu. Alitabasamu. "Halima, jina naharibu kitu. Mteja naona jina hii, nauliza, hii nani? Hii wapi? Afadhali siri. Siri nalisha nyinyi yote."

Nimezeeka nikiwaza jibu hilo, na ninyi mliomo kwenye kazi za vidole mtalisikia likisemwa kwa maneno mapya: kwamba mkono wako ni mzuri lakini jina lako lina kasoro. Msilikubali. Mimi siku ile nililikubali kwa kunyamaza. Halima alijibu kitu kimoja tu: "Haya. Tutaona." Ndipo mgeni akaja.

Alikuwa mteja wetu mkubwa, mzee wa Kiingereza ambaye kwa miaka alikuwa akikusanya jeshi zima la wapanda farasi. Alikuwa njiani kwenda Amboseli kutazama tembo, na kwa kuwa Bwana Desmond alimwambia kwamba ana shamba Kenya ambako humalizia baadhi ya kazi zake, akaandika kuomba apite amwone bingwa akiwa kazini. Hofu iliyotanda! Tangu asubuhi mabenchi yalihamishwa, likabaki moja, lenye taa nzuri na kiti cha ngozi. Wapakaji walifungiwa stoo ya nyuma wakaambiwa wasikohoe. Mimi niliachwa kama karani, kwa sababu Kiingereza changu hakikumwaibisha mtu. Halima aliachwa ili aoshe brashi na kuleta chai.

Mgeni aliingia akiwa na furaha ya mtoto. Bwana Desmond akamwonyesha benchi, akamwonyesha rangi, akamwonyesha Halima. "Na huyu ni msichana wangu wa kuosha brashi," akasema kwa Kiingereza. Halima Kiingereza alikijua vizuri. Aliinamisha kichwa kwa adabu akaendelea kusuuza brashi safi.

Kisha mgeni akatoa kisanduku mfukoni. Ndani mlikuwa na husari mmoja wa wale wa tuzo, aliyekwaruzika kifuani safarini, nyuzi mbili zimefutika. "Dakika moja tu ya mkono wako," akamwambia Bwana Desmond, "na niruhusu nitazame. Nimeota siku hii."

Bwana Desmond akasema mwanga hautoshi. Mgeni akasogeza taa. Akasema macho yamechoka. Mgeni akampa miwani yake ya kukuzia. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akageuka, akasema haraka kwa Kiswahili chake, akitabasamu ili mgeni adhani anaagiza chai, "Halima, kuja. Wewe natengeneza hii, mimi nasema nafundisha wewe. Pesi-pesi."

Halima akafuta mikono kwenye aproni.

"Mimi, Bwana? Mimi ni wa kuosha brashi."

"Halima. Hapana cheza."

"Si ndivyo umemwambia mgeni wako? Nimesikia."

"Halima!"

"Acha nikuoshee ingine."

Akachukua brashi nyembamba kuliko zote, akaichovya ndani ya maji, akaizungusha kiganjani hadi ncha ikachongoka kama mwiba, akaikausha kwa ukingo wa kitambaa, kisha akamkabidhi Bwana Desmond kwa upande wa mpini, vile unavyompa mwenzako kisu. Halafu akarudi nyuma hatua moja akakunja mikono.

 Wenzetu wa stoo walikuwa wote wamebana masikio kwenye mabati.

Alijaribu, masikini. Aligusa kifua cha husari, na tone la manjano likatambaa kutoka kwenye kifungo hadi kwenye mkanda. Akalifuta kwa kidole, akafuta na uzi wa tatu pamoja nalo. Mgeni alitazama kidole, akatazama brashi, akatazama jarida lililotundikwa ukutani. Kisha akanigeukia mimi. "Ni nani aliyemchora huyu?"

Nilikuwa na kazi ya kulinda, na kodi ya nyumba, na mtoto wa kwanza njiani. Wenzangu wote walikuwa nayo hayo. Nilinyoosha mkono nikasema, "Ni huyu."

Mgeni akampa Halima husari. Halima hakumpokea. "Mwambie aniulize jina kwanza," akaniambia kwa Kiswahili. Nikatafsiri. Mgeni, mwekundu masikioni, akamuuliza jina. Akajibu. Kisha akaketi kwenye kiti cha ngozi, akatoa kijiti chake nyweleni kilimokuwa kimechomekwa chini ya mtandio, akaanzia katikati.

Mgeni alitokwa na machozi, siwatanii. Alisema hajawahi kuona kitu kama hicho maishani. Mlango wa stoo ulifunguliwa, wote saba wakatoka wakapeana naye mikono, Mama Wafula akamweleza kisa cha farasi waliobatizwa, mgeni akacheka hadi akashika ubavu. Nilidhani tumeshinda. Enyi vijana, nilidhani kweli imeingia mlangoni na kukaribishwa kiti.

Chai ilipokwisha, yule mzee mwema alifuta mdomo, akamgeukia Bwana Desmond, akasema kwa upole kabisa kwamba sasa itabidi wazungumze upya kuhusu bei. Kwa miaka yote, alisema, alikuwa akilipia mkono wa Kiingereza. Hakudhani ni haki kuendelea kulipa vile vile.

Nisikilizeni. Husari alikuwa bado mkononi mwake, rangi haijakauka. Nyuzi ni zilezile zilizomtoa machozi nusu saa iliyopita. Hakuna kilichobadilika juu ya kifua kile ila kwamba sasa alijua nyuzi zimetoka mkono upi, na mara mkono huo ulipopata jina, kazi ikapungua thamani. Mwongo alikuwa Bwana Desmond, nami simtetei. Lakini mwongo angalau aliijua thamani ya kazi. Ndiyo maana aliiiba. Huyu mwingine alilia kwa uzuri wake, kisha akaomba punguzo. Sijui mpaka leo ni yupi aliyenidhulumu zaidi, na kila nikilala upande mmoja nachagua huyu, nikigeuka nachagua yule.

Bwana Desmond alisimama mlangoni gari la mgeni lilipoondoka. "Nasema nini? Nasema siri nalisha nyinyi. Sasa kula jina."

Wenzetu walimgeukia Halima. Siwezi kuwaficha hilo. Mama Wafula ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Jina halipiki ugali, Halima. Mimi niko na watano shuleni. Hukutuuliza."

"Mama, mngekuwa mnakaa kwa stoo mpaka lini?"

"Mpaka wa mwisho amalize kidato cha nne!"

"Na akimaliza, utamwambia alisomeshwa na kazi ya nani?"

Mama Wafula alirudi kwenye benchi lake. Hakumsemesha kwa siku nyingi. Bei ilishuka kweli, na mishahara ikakaa palepale ilipokuwa kama punda aliyegoma. Lakini Bwana Desmond hakuwa na la kuficha tena, wala hakuwa na mwingine wa kuchora nyuzi zile, na husari wa mgeni walikuwa hawajaisha. Halima alimrudia na ombi lake lilelile. Safari hii Bwana Desmond alitikisa mkono tu, kama mtu anayefukuza nzi. Tukaanza kuandika majina. Nyeupe juu ya nyeusi, chini ya kitako, na mahali: Kitengela.

Mama Wafula aligoma kuandika. Mpaka asubuhi moja nilimwinua farasi wake ili nimpake vanishi, nikampindua, nikakuta maandishi manene yaliyojaza kitako chote, MAMA WAFULA. Nikamwambia wateja hawatajua Mama Wafula ni nani.

"Wafula atajua," akasema, akaendelea na kazi.

Karakana ilifungwa baada ya Bwana Desmond kuuza shamba. Sasa pale pana nyumba za kupangisha, na matangi ya maji yamejipanga juu ya paa. Muda si mrefu baadaye, nikiwa kwenye saiba moja hapa mjini nikitafuta mambo mengine mtandaoni, niliona husari wetu wakiuzwa mnadani huko Uingereza. Niliwajua papo hapo, kama unavyomjua mtoto wako kwa mgongo. Makoti ya kijani, nyuzi za manjano zilizoanzia katikati. Bei ilikuwa kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipwa Kitengela. Na chini ya picha waliandika: kazi bora ya karakana ya Uingereza, mchoraji hajulikani.

Nilimwandikia muuzaji. Nilimwomba, kwa Kiingereza cha adabu ambacho sikustahili kumtumia, awapindue askari asome. Alijibu kwa heshima. Alisema ni kweli, palikuwa na maandishi fulani chini ya vitako, lakini aliyakwangua na kubandika kitambaa kipya cha kijani, ili waonekane nadhifu.

Nilipanda gari hadi Kajiado siku hiyo hiyo. Halima ana duka la nguo huko, na nyuma ya duka kuna chumba chenye zulia anakochorea maharusi. Nilimkuta ameinamia mkono wa msichana mmoja aliyekuwa akihema kwa woga wa arusi. Nilisimama mlangoni nikamweleza yote, nikipandisha sauti, nikimtaja muuzaji, na mgeni, na Bwana Desmond, hadi yule bi arusi akaanza kunitazama mimi badala ya mkono wake.

"Mwalimu, unatisha mteja wangu," Halima akasema bila kuinua kichwa. "Na usimame sawa, unaniziba mwanga."

"Lakini wamelikwangua, Halima. Wamelikwangua jina lako!"

"Nimesikia. Hii ninachora hapa pia itatoka, wiki mbili tu. Mkono bado niko nao." Akamaliza jani moja kwenye kiganja, akabana pumzi, akaachia. Ndipo akanitazama, na nikaona kwamba hakuwa mtulivu hata kidogo. Taya lake lilikuwa limekaza kama la siku ile ya brashi. "Lakini wewe si ulisomea historia? Uko na kalamu. Sasa unanipigia kelele mimi ya nini? Andika. Na usiandike Halima tu, watauliza Halima gani. Andika yote, mpaka ya babu."

Basi ninaandika. Husari wenye makoti ya kijani na nyuzi za manjano, waliopo leo mezani kwa watu nisiowajua, wakiwa na kitambaa kipya chini ya vitako vyao, walichorwa na Halima Noor Gedi. Walichorwa Kitengela.